Kuendesha traiaki ya volti 230 kwa ESP32: je, saketi isiyo na optokapla ni salama?

Fundi_Mindu

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutengeneza mashine za kutotolesha vifaranga kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji. Hadi sasa hita nimekuwa nikiiwasha kwa rilei, lakini kwa kuwa joto linatakiwa libaki karibu na nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21, rilei hugonga bila kupumzika, na sehemu zake za kugusana huungua kabla mashine yenyewe haijachakaa. Ndiyo maana nataka kuhamia kwenye traiaki, yaani swichi ya kielektroniki ya umeme wa kupishana, isiyo na sehemu zinazogongana.

Nimepata mchoro mmoja ambamo pini ya maikrokontrola (ile chipu inayoendesha programu) inaunganishwa moja kwa moja na geti, yaani mguu wa kuamsha, la traiaki ya BT136 kupitia rezista ya omu 220, na GND ya maikrokontrola inaunganishwa na nyutro ya umeme wa ukutani. Aliyeuchora anasema umemfanyia kazi vizuri kwenye taa. Mimi ninatumia maikrokontrola ya ESP32, hita yangu ni ya wati 600, na programu ninaipakia kwa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta mpakato huku mashine ikiwa mezani. Je, mchoro huo unafaa, au ni lazima niweke optokapla katikati, yaani kile kifaa kinachopitisha amri kwa mwanga bila kuunganisha pande mbili kwa waya? Na kama ni lazima, niweke ipi, na rezista za thamani gani? Dukani nimeonyeshwa MOC3021, MOC3041 na MOC3063, na muuzaji anasema zote ni kitu kimoja.

Pia mashine ina feni ya volti 220 ya kuzungusha hewa, na ningependa kupunguza kasi yake kwa traiaki ya pili ikiwezekana.

Mhandisi_Kilindini

Ndugu Fundi, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchomeka huo waya wa USB. Tafadhali usiutumie mchoro huo, na nitaeleza sababu kwa urefu kwa kuwa michoro ya namna hiyo imesambaa mno na wengi wanaiiga.

Ukiunganisha GND ya ESP32 na nyutro, ESP32 nzima inakuwa sehemu ya umeme wa ukutani: pini zake, kihisi joto chake, vitufe vyake, na hata ganda la chuma la tundu la USB. Kwa nadharia nyutro iko karibu na volti sifuri. Lakini plagi ya miguu miwili huingia kwa upande wowote, na soketi ambayo laivu na nyutro zimefungwa kinyume si jambo geni katika nyumba zetu. Ukichomeka kwenye soketi kama hiyo, GND yako itakuwa kwenye volti 230, na waya wa USB utazipeleka volti hizo kwenye kompyuta na kwenye mkono wa aliyeishika. Hata soketi ikiwa imefungwa sawasawa, kompyuta ambayo chaja yake ina ethi itaunganisha nyutro na ethi kupitia USB, na swichi ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja, kama ipo, itakata umeme wa nyumba.

Kasoro ya pili ya mchoro huo haionekani upesi kwenye taa. Traiaki hupitisha mkondo pande zote mbili, lakini geti lake halina wepesi uleule katika hali zote nne ambazo wataalamu huziita robo. Pini inayotoa volti chanya peke yake huliamsha geti katika robo ya kwanza, wakati A2 ni chanya (A1 na A2 ni ile miguu miwili ya traiaki inayopitisha mkondo wa mzigo), na katika robo ya nne, wakati A2 ni hasi. Na robo ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. BT136 ya kawaida inaweza kudai hadi miliampea 35 katika robo tatu za kwanza, na hadi 70 katika robo ya nne. Sasa piga hesabu: pini ya ESP32 hutoa volti 3.3, geti linachukua takribani volti 1, na kinachobaki kikipita kwenye omu 220 ni kama miliampea 10 tu. Kwa hiyo traiaki inaweza kukataa kuwaka kabisa, au ikawaka katika nusu-mzunguko mmoja na kuuruka unaofuata. Taa itaonyesha mwanga hafifu na mtu ataridhika, lakini mota au transfoma ikilishwa nusu-mzunguko mmoja tu hupitiwa na mkondo wa upande mmoja na huchemka hadi kuungua. Traiaki nyingi za kisasa, kwa mfano BTA16-600BW, zimetengenezwa kwa robo tatu tu, na mtengenezaji hatoi ahadi yoyote kuhusu robo ya nne.

Ni kweli kwamba kwenye mashine nyingi za kufulia utakuta maikrokontrola imefungwa moja kwa moja kwenye umeme mkubwa bila optokapla. Huko huunganisha A1 na upande wa chanya wa maikrokontrola, pini ikawa inavuta mkondo kutoka kwenye geti, na hivyo traiaki hufanya kazi katika robo ya pili na ya tatu. Lakini saketi nzima imefungwa ndani ya plastiki, haina kihisi kinachoguswa na mtu wala USB. Mashine yako ina beseni la maji, ina mvuke, ina kihisi kinachoning'inia karibu na mayai, na mfugaji huingiza mkono humo kila siku. Kwako optokapla ni lazima.

Kuhusu zile tatu ulizoonyeshwa, muuzaji hakukuambia sawa. MOC3021 huwaka wakati wowote inapoamriwa, inavumilia volti 400, na LED yake ya ndani inahitaji miliampea 15. MOC3041 husubiri hadi mawimbi ya umeme yavuke sifuri ndipo iwake. Nayo ni ya volti 400 na miliampea 15. MOC3063 pia husubiri sifuri, lakini inavumilia volti 600 na inaridhika na miliampea 5. Kumbuka kwamba volti 230 ni kiwango cha ufanisi (RMS) tu, si kilele. Kilele chake ni 325, na pale umeme ulipo wa 240 kilele ni 339. Ukiweka kifaa cha volti 400 unabaki na nafasi ndogo sana, ilhali umeme wetu hupanda ghafla, hasa unaporudi baada ya kukatika. Chukua MOC3063.

Upande wa ESP32, LED ya ndani hula takribani volti 1.3, kwa hiyo rezista ya omu 180 itakupa karibu miliampea 11. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya kiwango kinachotakiwa, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa mwanga wa LED hufifia kadiri miaka inavyopita. Nayo pini ya ESP32 inaumudu mkondo huo bila transista. Upande wa umeme mkubwa, weka omu 360 kati ya A2 na mguu wa 6 wa optokapla, mguu wa 4 uende kwenye geti, na kati ya geti na A1 weka omu 330. Ile ya 360 haikuokotwa tu: sehemu ya ndani ya MOC3063 huvumilia msukumo wa ampea 1, na volti 339 ukigawa kwa 360 unapata ampea 0.94. Iwe ya wati 1 na ya aina isiyoshika moto, kwa sababu geti la traiaki likikatika ndani, mkondo wote wa hita utajaribu kupita kwenye rezista hiyo. Miguu ya 3 na ya 5 ya optokapla usiiunganishe na chochote.

Jambo moja ambalo limewasumbua mafundi wengi: hita ikibaki imewaka hata pini ikiwa chini (volti sifuri), kabla hujalaumu optokapla angalia kama hukubadilishana A1 na A2. Zikibadilishana, ile rezista ya omu 330 inaliunganisha geti na A2, na traiaki itajiwasha yenyewe katika kila nusu-mzunguko.

Zuhura_Tanga

Ndugu Fundi_Mindu, shikamoo kama umenizidi umri. Ninarekebisha mota na majiko ya umeme, na traiaki zilizokufa ninazishika kila wiki. Aliyotangulia kuyasema Mhandisi ni sahihi, lakini mimi naona swali lako kubwa bado halijaguswa, nalo ni hili: traiaki ikifa, mashine itafanya nini?

Mara nyingi traiaki hufa kwa kushikana, yaani A1 na A2 zinakuwa kama waya mmoja. Hapo optokapla haina la kufanya, ESP32 haina la kufanya, na programu yako nzuri itaendelea kuandika kwenye kioo kwamba hita imezimwa huku wati 600 zikiendelea kuunguza. Mayai yatakuwa ya kwanza kufa. Baada ya hapo ni sanduku, na masanduku mengi ya mashine hizi ni ya mbao na sponji.

Kwa hiyo kabla ya traiaki, kwenye waya wa laivu unaokwenda kwa hita, weka thamostati ya kimekanika ya mrija, ile yenye kitunguu cha shaba, ambayo haijui habari za ESP32 wala haihitaji umeme wa volti 3.3. Irekebishe ikate kidogo juu ya joto lako la kawaida, nawe uhakikishe kwa kipimajoto cha kuaminika kwamba inakata pale unapotaka. Thamostati ndogo za duara za KSD301 ni za bei nafuu, lakini zinaweza kupishana nyuzi kadhaa na kiwango kilichoandikwa, kwa hiyo kwa mayai sizitegemei. Kisha, karibu kabisa na hita, funga fyuzi ya joto ya nyuzi 72 au karibu na hapo. Thamostati ni kwa ajili ya mayai. Fyuzi ya joto ni kwa ajili ya nyumba ya mfugaji. Fyuzi hiyo usiilehemu kwa pasi yenye moto, kwa kuwa itakatika mkononi mwako. Ibane kwa kiunganishi cha skrubu au cha kukandamiza.

La pili ni joto la traiaki yenyewe. Watu huona wati 600 ni mzigo mdogo na kuiacha traiaki ya ampea 16 bila bamba la kupozea. Hita yako inavuta ampea 2.6. Kwa takwimu za mtengenezaji wa BTA16, traiaki itageuza takribani wati 2.2 kuwa joto, na kifaa cha umbo hilo kikiwa hewani tupu hupanda nyuzi 60 kwa kila wati moja. Zidisha mwenyewe: ni nyuzi 132 juu ya joto la hewa, ilhali mwisho wake ni 125. Bamba dogo la alumini linatosha, lakini ni lazima liwepo, na lisifungwe ndani ya sanduku la mayai.

Na uangalie herufi. BTA ina kibati cha nyuma kilichotengwa na umeme, hadi volti 2,500. BTB, na pia BT136 ya kawaida, kibati chake ni A2 yenyewe, maana yake bamba la kupozea lina umeme wa ukutani. Fundi atakayekuja kufungua mashine yako baada ya miaka miwili hatajua. Nunua BTA, halafu pima kwa mita kati ya kibati na miguu yote mitatu kabla ya kuifunga, kwa sababu vifaa vya bandia ni vingi sokoni.

Mwisho, weka snaba, yaani rezista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 zikiwa zimefuatana, kati ya A1 na A2. Mimi siachi saketi ya traiaki bila hiyo.

Fundi_Mindu

Marahaba, dada Zuhura, nawashukuru sana nyote wawili. Hilo la traiaki kufa kwa kushikana sikuwa nimelifikiria kabisa katika mpango wangu. Nilidhani kikomo cha joto kwenye programu kinatosha.

Naomba kuuliza mambo mengine. Je, snaba ni lazima kwa hita, au ni kwa ajili ya feni? Na je, ninaweza kujenga saketi hii kwenye bodi ya matundu yenye mistari ya shaba, ambayo ndiyo ninayoipata kirahisi?

Mhandisi_Kilindini

Hapo kwenye snaba natofautiana kidogo na dada Zuhura, kwa heshima zote, kwa kuwa yeye hushughulika zaidi na mota.

Kwenye mota mkondo huchelewa nyuma ya volteji. Mkondo unapofika sifuri na traiaki kujizima, volteji ya wakati huo tayari iko juu, nayo huiangukia traiaki kwa ghafla, na kishindo hicho kinaweza kuiwasha tena bila kuamriwa. Snaba hupunguza kasi ya kishindo hicho. Hita ya waya haina tabia hiyo: mkondo na volteji vinafika sifuri kwa pamoja. Ukichagua BTA16 ya herufi BW au CW, ambayo imetengenezwa makusudi kuvumilia bila snaba, pamoja na MOC3063, basi kwa hita huhitaji snaba hata kidogo.

Nasisitiza hili kwa sababu snaba ina gharama yake. Kapasita ya nanofaradi 100 kwenye umeme wa volti 230 na hezi 50 hupitisha takribani miliampea 7 hata traiaki ikiwa imezima. Miliampea 7 haziwashi hita, lakini zinatosha kumrusha mtu aliyegusa waya wa hita akiamini kwamba imezimwa, na zinatosha kuifanya taa ya LED imulike usiku kucha. Ukilazimika kuiweka, kapasita iwe ya daraja la X2 ya volti 275 au zaidi za umeme wa kupishana, si kapasita yoyote iliyoandikwa 400V. Na hata bila snaba, traiaki iliyozima haihesabiwi kuwa umeme umekatwa. Kabla ya kugusa hita, plagi itolewe ukutani.

Badala ya snaba, fedha hiyo nunulia varista ya volti 275 na uifunge kati ya laivu na nyutro baada ya fyuzi. Hiyo ndiyo itakayoumeza ule msukumo wa umeme unaporudi. Fyuzi ya kwenye saketi iwe ya kauri, ampea 4, kwa kuwa ile ya kioo haina uwezo mkubwa wa kukata mkondo wa shoti. Na ndani ya plagi ya miguu mitatu ondoa fyuzi ya 13 uweke ya 5. Mashine ikiwa na chuma chochote kinachoguswa, kiunganishwe na ethi.

Kuhusu bodi ya mistari ya shaba, inawezekana, lakini soma kwa makini. Miguu ya optokapla upande mmoja hadi mwingine iko umbali wa milimita 7.62. Ukitoa upana wa shaba inayoizunguka miguu hiyo unabakiwa na kama milimita 6, na hizo milimita 6 ndizo ukuta wako kati ya mfugaji na umeme. Kwenye bodi ya mistari, mstari mmoja na mwingine vinatofautiana kwa milimita 2.54 tu, kwa hiyo mistari yote inayopita chini ya optokapla ni lazima ikatwe na shaba yake ikwanguliwe yote, si kutobolewa tundu moja kisha ikaachwa. Mimi ningeenda mbali zaidi na kukata mfereji kwa msumeno mwembamba chini ya optokapla, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili vumbi na unyevu visipate daraja la kupitia. Upande mmoja wa mfereji uwe wa volti 230 peke yake, upande wa pili wa ESP32 peke yake, na pasiwepo waya hata mmoja unaoruka mfereji zaidi ya optokapla. Kumbuka kwamba chaja inayoilisha ESP32 nayo ni daraja kati ya pande hizo mbili. Chaja duni ya simu itakuondolea kinga yote uliyoijenga hapa, kwa hiyo weka moduli ya umeme inayoaminika. Mistari inayobeba ampea 2.6 iongezewe waya wa shaba juu yake na kulehemiwa. Ile bodi nyeupe ya kuchomeka waya bila kulehemu isiguse umeme wa ukutani kamwe.

Feni usiiwekee traiaki. MOC3063 haiwezi kupunguza kasi kwa sababu husubiri sifuri. Ungehitaji isiyosubiri, kama MOC3052, pamoja na saketi ya kugundua sifuri, pamoja na snaba, na bado mota ndogo za feni hunguruma na kuchemka zikilishwa vipande vya mawimbi. Weka feni ya volti 12 ya umeme mnyoofu, au iache ya 220 izunguke kwa kasi yake yote.

Mwalimu_wa_Saketi

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa furaha kubwa, na nitaongeza upande wa programu na wa majaribio, kwa kuwa saketi iliyo sahihi inaweza kuharibiwa na mistari michache ya programu.

Bila shaka kihisi chako ni DS18B20, kwa kuwa ndicho kinachotumika sana kwenye mashine hizi. Waya wake ukikatika, maktaba ya programu inayotumiwa na wengi hurudisha nyuzi −127. Programu inayouliza tu kama joto liko chini ya 37.5 itaona baridi kali na kuiwasha hita moja kwa moja, bila kuzima. Kihisi hichohicho kikiwa kimewashwa muda huohuo na hakijapima, husoma 85. Kwa hiyo kila usomaji uchujwe: chochote kilicho nje ya, tuseme, nyuzi 5 hadi 60, au 85 kamili, kihesabiwe kuwa ni hitilafu, hita izimwe na kengele ilie. Vilevile feni ikisimama hita izimwe, kwa maana joto litajikusanya kwenye hita huku kihisi kikisoma ubaridi.

Chagua pini kwa uangalifu. Pini za GPIO 0, 2, 5, 12 na 15 za ESP32 husomwa wakati wa kuwaka na nyingine hutoa mapigo yasiyotarajiwa. Za 34 hadi 39 ni za kupokea tu. GPIO 25, 26 au 27 zinafaa. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye pini hiyo hadi GND, ili katika zile sekunde ambazo programu haijaanza, au wakati unapakia programu mpya, hita ibaki imezima. LED ya optokapla ifungwe kati ya pini na GND, si kati ya pini na 3.3, ili hali ya kawaida ya pini iwe ni ya kuzima. Na kipima-muda cha usalama cha ESP32, kile kinachoianzisha upya ikikwama, kiwashwe.

Kwa hita yako huhitaji kukata mawimbi. Chukua dirisha la sekunde 2, ambalo kwa hezi 50 lina nusu-mizunguko 200, na uwashe hita kwa sehemu ya dirisha hilo kulingana na mahitaji. MOC3063 itahakikisha kila kuwasha kunaanzia karibu na sifuri, na redio ya jirani haitasikia mkwaruzo.

Katika kujaribu, usianze na hita. Anza na balbu ya waya ya wati 60 mahali pa hita, na kwenye laivu ya kuingilia weka balbu nyingine ya wati 100 ikiwa imefuatana na saketi yote. Kukiwa na shoti, balbu ya wati 100 itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachopasuka. Mara hizi za kwanza lisha ESP32 kwa betri ya akiba ya kuchajia simu (power bank) na uondoe USB ya kompyuta, mpaka upime kwa mita, plagi ikiwa nje, kwamba hakuna njia yoyote ya mkondo kati ya GND ya ESP32 na mguu wowote wa plagi. Na kama una osiloskopu, klipu yake ya GND usiibane popote upande wa umeme mkubwa. Klipu hiyo imeunganishwa na ethi kupitia plagi ya osiloskopu yenyewe. Ukiibana kwenye laivu umetengeneza shoti ambayo hakuna rezista ya kuipunguza.

Fundi_Mindu

Nimeelewa, na nawashukuru kwa moyo wote. Nitatumia MOC3063 na BTA16-600CW, omu 180, 360 na 330 kama zilivyotajwa, varista, fyuzi ya kauri, thamostati ya mrija kwenye laivu, na fyuzi ya joto kwenye hita. Feni nitaibadilisha iwe ya volti 12. Nina swali la mwisho kwa dada Zuhura: thamostati ikikata kwa sababu traiaki imeshikana, mashine itapoa, thamostati itafunga tena, na hita itawaka. Je, hilo si tatizo?

Zuhura_Tanga

Ni tatizo, na umeliona vema. Joto litakuwa linapanda na kushuka kwa kufuata thamostati, mayai yatateseka lakini hayatapikwa, na mfugaji anaweza asigundue kwa siku nyingi. Ndiyo sababu ni vizuri ESP32 ijue. Chukua optokapla ya PC817 na uitumie kuhisi kama hita ina umeme, ikilishwa kupitia rezista mbili za kilo-omu 47 zilizofuatana, za wati moja kila moja, na dayodi ya 1N4148 ikiwa imefungwa kinyume sambamba na LED yake ili volti za upande wa pili zisiiue. Rezista zikiwa mbili, volti zinagawana, kwa sababu ndogo za robo wati kwa kawaida hazikutengenezwa kwa kilele cha 325. ESP32 ikiona hita ina umeme ilhali haikuiamuru, basi traiaki imeshikana: ipige kengele na iiachie rilei iliyo mbele ya hita, ikate. Ile rilei yako ya zamani itafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa sasa haitagonga usiku na mchana.

PC817 nayo iwekwe juu ya mfereji uleule aliousema Mhandisi, na hapo pia shaba ikwanguliwe yote.